Chuku ya Breki: Busta Inapovuja Katika Gari-Nyumba la Zamani

Busta ya breki ni kopo bapa la bati, mara nyingi jeusi, lililofungwa kati ya kanyagio la breki na masta silinda. Kazi yake ni moja: kuupokea mguu wa dereva na kuuongezea nguvu kabla mafuta ya breki hayajasukumwa kuelekea magurudumuni. Kopo hilo likiharibika katika gari dogo, dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi, hutoka jasho, na hufika gereji. Katika gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, hesabu ni nyingine. GMC Motorhome, iliyotengenezwa Marekani kati ya 1973 na 1978, ina uzito wa tani 5 na nusu hivi ikishapakiwa. Ikienda kilomita 90 kwa saa, nishati inayopaswa kugeuzwa joto ili isimame inatosha kuchemsha lita 5 za maji ya bombani. Kazi hiyo yote huanzwa na unyayo mmoja, na unyayo peke yake hautoshi.

Swali lililozaa makala hii lilitoka kwa msomaji anayelea gari la namna hiyo: kanyagio limekuwa gumu kama jiwe, kuna mlio wa "sss" miguuni, na injini hutetemeka kila breki inapokanyagwa. Namna pedi inavyobana diski, na namna mafuta yanavyosafiri kwenye paipu, yamekwisha kuelezwa mahali pengi na hayana jipya. Kinachostahili kurasa ni kopo lenyewe.

Ndani ya kopo hamna mota, gia wala waya. Mna kiwambo cha mpira, kilichowambwa kutoka ukingo hadi ukingo mithili ya ngozi ya ngoma, na kinachofanya kazi yote ni hewa. Mbelgiji Albert Dewandre ndiye aliyebuni busta ya namna hii, na kampuni ya Bosch ikaiingiza sokoni mwaka 1927. Wazo lenyewe, hata hivyo, ni la kale kuliko gari lolote, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamelijua kwa migongo yao.

Mwumikaji huchukua chuku, pembe fupi iliyotobolewa nchani, akaiweka juu ya ngozi ya mgonjwa. Hunyonya hewa kwa mdomo kupitia tundu, kisha huliziba kwa nta. Ngozi huinuka ndani ya pembe kama andazi. Mgonjwa huapa kwamba pembe inamvuta, na hapo ndipo anapokosea. Pembe haivuti kitu. Hewa iliyouzunguka mwili wote hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa kilo moja hivi, mchana na usiku, na hakuna anayeihisi kwa sababu inasukuma pande zote kwa usawa. Mahali pembe ilipowekwa usawa huo umevunjwa, na mwili unasukumwa kuelekea pale ambapo msukumo umepungua. Mwumikaji ameondoa tu kizuizi. Aliyefanya kazi ni bahari ya hewa iliyo juu ya vichwa vya watu wote.

Busta ni chuku hiyohiyo. Mdomo unaonyonya ni injini. Dereva wa gari la petroli akiondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta, kilango cha kabureta hujifunga, lakini pistoni zinaendelea kudai hewa isiyokuja. Ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa hubaki theluthi moja tu ya hewa ya kawaida. Mpira mnene hutoka manifoldi hadi kwenye kopo na kulinyonya. Nta ya kuzibia tundu ni vali ya njia moja, kidude cha plastiki kinachoruhusu hewa kutoka kwenye kopo lakini hakiiruhusu kurudi. Na ngozi ya mgonjwa ni kiwambo. Kikiwa na kipenyo cha sentimita 28, eneo lake ni sentimita za mraba 616, na tofauti ya msukumo kati ya pande zake mbili yaweza kufikia theluthi mbili za kilo kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha: kilo 400, sawa na magunia manne makubwa ya mahindi, bila tone la ziada la petroli.

Jina ndilo linalosumbua. Gereji nyingi husema "busta", na neno limeshakubalika, ila busta ni pia chanjo ya nyongeza na ni kile kidude cha kuipa antena ya televisheni nguvu. "Kiongeza nguvu cha breki" ni sahihi kisarufi lakini kinasikika kama dawa zinazotangazwa kwenye nguzo za umeme. Kwa hali ya kukosa hewa, mafundi husema "vakyumu", kamusi husema "ombwe", na baadhi ya vitabu vya shule husema "utupu", neno lenye maana nyingine ambayo haifai kuletwa karibu na breki. Ombwe ni zuri, japokuwa linadokeza kutokuwepo hewa kabisa, ilhali humu theluthi imebaki. Litumike hivyohivyo. Kwa kopo lenyewe, hoja ya kuliita chuku ya breki ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa Kiswahili kimelipa neno hilo maana ya pili: kupiga chuku ni kutia chumvi, kukuza jambo dogo likawa kubwa. Kopo hili linafanya yote mawili. Huumika hewa, kisha hupiga chuku neno la mguu.

Tena halipigi chuku ovyo, na huo ndio uzuri wake. Kiwambo hugawa kopo vyumba viwili: cha mbele, upande wa masta silinda, na cha nyuma, upande wa dereva. Breki isipokanyagwa vyumba hivyo vimeunganishwa, na vyote viwili vimenyonywa. Kiwambo kina ombwe mbele na ombwe nyuma, hakina sababu ya kwenda popote, na springi hukiweka mahali pake. Mguu ukigusa kanyagio, fimbo husogea kidogo, na vali iliyo kitovuni mwa kiwambo hufanya mambo mawili kwa mfuatano usiogeuzwa. Kwanza huziba njia kati ya vyumba. Kisha hufungua njia ya hewa ya nje, inayopita kwenye kichujio cha sponji karibu na viatu vya dereva. Hewa huingia chumba cha nyuma, mbele bado ni ombwe, kiwambo kinasukumwa.

Mambo yangeishia hapo, breki ingekuwa swichi: imewaka au imezima, na abiria wangeacha meno kwenye dashibodi. Lakini vali imepandwa juu ya kiwambo chenyewe. Kiwambo kinaposogea mbele huifuata fimbo ya mguu, na kikiifikia, mlango wa hewa hujifunga wenyewe. Mguu ukienda milimita moja, kiwambo huenda milimita moja na kusimama. Mguu ukirudi, hewa ya chumba cha nyuma hufunguliwa njia ya kwenda mbele na kunyonywa na injini, nacho kiwambo hurudi.

Limebaki swali la dereva kuhisi. Kati ya fimbo ya mguu na fimbo inayosukuma masta silinda kuna kidonge cha mpira, kikubwa kama sarafu nene, kilichofungiwa ndani ya kikombe cha chuma. Mpira uliobanwa pande zote hauna pa kukimbilia. Hutenda kama kimiminika na kugawa msukumo sawasawa usoni kote. Uso wake wa mbele wote hubeba mzigo wa masta silinda. Uso wa nyuma una wenyewe wawili: katikati hukaa fimbo ya mguu, pembezoni hukaa kiwambo. Sehemu ya katikati ikiwa robo ya eneo lote, mguu hubeba robo ya mzigo na hewa hubeba robo tatu. Fundi akitaka busta yenye msaada mkubwa zaidi, hupunguza eneo la katikati. Kidonge cha mpira kinafanya kazi ya mizani, na hakijui kuhesabu.

Ndiyo kusema busta ni mvuvi anayepiga chuku kwa uaminifu. Akipata samaki 2 hutangaza 8; akipata 5 hutangaza 20. Anayemjua hugawa kwa 4 na hadanganyiki, na ndivyo unyayo wa dereva unavyojua uzito wa breki ingawa umebeba robo yake tu. Mvuvi huyo, hata hivyo, ana kikomo. Chumba cha nyuma kikishajaa hewa ya nje kiasi cha kutopokea tena, msaada wote umetumika. Kuanzia hapo kila kilo ya ziada ni ya mguu mtupu, na dereva huhisi kama kanyagio limegota ukutani. Mvuvi aliyezoea kuzidisha amefika kwenye samaki 100, na juu ya hapo hutaja idadi ya kweli tu, mmoja mmoja.

Kikomo hicho ndicho ufunguo wa mada nzima ya uvujaji. Uwiano wa kuzidisha umeamuliwa na kidonge cha mpira, wala hautegemei ubora wa ombwe. Ombwe huamua kikomo. Kwa hiyo busta inayovuja kidogo haionyeshi ugonjwa wake katika breki za kawaida: gari linasimama vizuri kwenye taa, linasimama vizuri kwenye maegesho, na mwenye nalo huridhika. Siku mtoto anapokatiza barabara, breki nzito inatakiwa, na mvuvi aliyezoeleka kufika 100 anaishia 40.

Mwinuko hufanya vivyo hivyo bila tundu lolote. Msukumo wa hewa hupungua kadiri gari linavyopanda, na kanuni ya mafundi wa Marekani ni kwamba kila futi 1,000 za mwinuko huondoa inchi moja kwenye geji ya ombwe, ambayo usawa wa bahari husoma inchi 18 hadi 20. Barabara kuu ya I-70 huko Colorado hupita katika handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya bahari, kisha hushuka kwa mteremko mkali kuelekea Denver. Juu kule busta nzima kabisa imebakiwa na nusu ya kikomo chake, na magari-nyumba ya likizo hupita hapo kila kiangazi. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hukata inchi 5 au 6. Busta yenye ufa ikipelekwa mwinuko huo huumia mara mbili.

Magari-nyumba yana sababu yake ya kuvuja. Mpira hauuawi na kilomita bali na miaka na joto, na hakuna gari linalokusanya miaka mingi kwa kilomita chache kama hili: wiki 3 barabarani, miezi 11 chini ya turubai. Injini mara nyingi imefichwa chini ya kifuniko ndani ya kabini, mahali ambapo joto halina pa kutokea. Hata urefu una gharama. Kombi ya Volkswagen ya miaka ya 1970, ambayo ilileta jina lake hadi katika Kiswahili, ina injini nyuma na busta mbele, hivyo mfereji wa ombwe hutambaa chini ya sakafu karibu urefu wote wa gari, na kila kiungio cha mpira njiani ni mahali pa kupasukia.

Uvujaji hujitambulisha kwa wakati wake. Ufa kwenye mpira wa manifoldi, kwenye pete ya mpira inayoshika vali ya njia moja, au kwenye sili ya mbele inayogusana na masta silinda, hunyonya hewa saa zote. Injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta hutikisika, mchanganyiko wa petroli na hewa unakosa uwiano, na mlio hausimami. Kiwambo kilichochanika ni kijanja zaidi. Breki isipokanyagwa pande zake zote zina ombwe, kwa hiyo tundu halipitishi chochote na injini huunguruma kwa utulivu. Breki ikikanyagwa tu, hewa ya chumba cha nyuma hupenya tunduni, huingia chumba cha mbele na kuelekea injini, nayo injini hushtuka. Msomaji aliyeuliza amejijibu nusu bila kujua: mtikisiko unaokuja na kuondoka na breki unaelekeza kidole kwenye kiwambo. Vali ya hewa isiyokaa vizuri kitini mwake hufanya kinyume, hulia miguuni hata dereva asipogusa kitu. Mlio mfupi wakati wa kukanyaga ni pumzi ya kawaida ya busta yoyote.

Kuna uvujaji wa aina nyingine, wa siri kuliko yote. Sili ya nyuma ya masta silinda ikichoka, mafuta ya breki hayadondoki chini. Hunyonywa na ombwe hadi ndani ya kopo. Kibuyu cha mafuta hupungua bila doa sakafuni, rangi ya kopo hubanduka chini ya masta silinda, mpira wa kiwambo huvimba, na pengine egzosi hutoa moshi mweupe. Kubadilisha busta peke yake hapo ni kupoteza fedha, kwani mpya itaoga mafuta yaleyale.

Uchunguzi hauhitaji zaidi ya mguu na masikio. Injini ikiwa imezimwa, kanyagio husukumwa mara tano au sita mpaka liwe gumu, kisha hushikiliwa chini na injini kuwashwa. Busta nzima huvuta pumzi na kanyagio huzama kidogo. Jaribio la pili hupima akiba: injini huwashwa dakika mbili, huzimwa, kisha breki hukanyagwa baada ya muda. Mkanyago wa kwanza uwe laini, wa pili mgumu kidogo, wa tatu mgumu zaidi. Ukiwa mgumu tangu wa kwanza, vali ya njia moja au kitu kilicho nyuma yake hakishiki. La tatu, breki hukanyagwa injini ikiwaka, injini huzimwa, na mguu hutulia sekunde 30. Kanyagio likiinuka taratibu, hewa inaingia mahali.

Kabla ya kulaumu kopo, mpira wa manifoldi hung'olewa upande wa busta na kufungwa geji. Ikisoma chini ya inchi 16 usawa wa bahari, mnyonyaji ndiye mgonjwa na wala si chuku. Katika magari ya Marekani ya miaka hiyo milango ya hewa ya dashibodi, na mara nyingi kidhibiti mwendo, hula ombwe kutoka chanzo hichohicho, na mrija mmoja mdogo uliokatika nyuma ya redio unaweza kuiba breki. Pedi zilizogandia kwenye diski na breki za drami zisizorekebishwa nazo huharibu kanyagio. Magari mazito zaidi, hasa baadhi ya yale ya chasisi ya Chevrolet P30, hutumia msukumo wa mafuta ya usukani badala ya ombwe. Hayo huvuja mafuta, na hadithi yake ni nyingine.

Dizeli nayo ina tofauti. Injini yake ya jadi haina kilango cha kuzuia hewa, manifoldi yake haina ombwe la kutosha, na mdomo wa mwumikaji ni lazima utengenezwe. Ndiyo sababu Toyota HiAce za injini za 2L na 3L, zilizobeba abiria wa Dar es Salaam na Nairobi kwa miaka mingi, zina pampu ndogo mgongoni mwa alternita. Gari-nyumba la dizeli lenye kanyagio gumu lichunguzwe pampu hiyo kwanza.

Matengenezo huanzia kwenye vitu rahisi. Mpira mpya uwe wa ombwe, wenye ukuta mnene. Mpira wa maji ya hita hunyonywa ukabonyea na kujiziba. Vali ya njia moja hujaribiwa kwa kupuliza: upande mmoja ipite, upande wa pili igome. Pete yake ya mpira hubadilishwa pamoja nayo. Kopo lenyewe halifunguliwi nyumbani, kwani springi ya ndani imebanwa na huruka. Kwa gari la miaka ya 1970 ni afadhali kupeleka kopo la zamani kwa fundi wa kulifufua kuliko kununua linalofanana nalo, maana mabano na urefu wa fimbo inayosukuma masta silinda hutofautiana.

Urefu huo wa fimbo ndio unaopuuzwa. Ikizidi, masta silinda haiachii kabisa, breki hubaki zimebana na huchemka barabarani. Ikipungua, kanyagio huwa na safari ndefu ya bure. Mafundi wazoefu hubandika kipande kidogo cha udongo wa kuchezea watoto ndani ya tundu la pistoni ya masta silinda, hufunga masta silinda, huifungua, na hupima unene uliobaki. Upenyu wa chini ya milimita moja ndio hutafutwa, na kitabu cha gari husema kamili. Paipu za mafuta zikiwa zimefunguliwa, hewa itolewe kwenye mfumo wote kabla ya gari kusogea.

Jambo moja la usalama lisirukwe: injini ikizimika mteremkoni, kanyagio lisipigwe pampu. Akiba ya ombwe inatosha mikanyago miwili au mitatu tu, na kila pampu huila. Likanyagwe mara moja, lishikiliwe, mpaka gari lisimame. Dereva azingatie pia kwamba magari yaliyoundwa na busta hupewa kanyagio lenye wenzo mfupi kuliko yasiyo nayo, hivyo busta ikifa mguu hukuta kazi nzito kuliko ya lori la babu lililozaliwa bila msaada.

Kazi ikiisha, jaribio la kwanza hurudiwa gari likiwa limesimama mahali tambarare, magurudumu yamewekewa vizuizi: pampu mpaka ugumu, shikilia, washa. Kanyagio likizama sentimita moja au mbili chini ya unyayo, na mlio umekatika, chuku imeshika.